Bodi ni lile lile, mchanga ni ule ule: mbona mizani kila siku inasema lake?

MAMA TIPA (Kibaha)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi kwa miaka kumi na moja nilikuwa nauza mchele na mahindi sokoni. Kaka yangu alipofariki familia ikakaa kikao, ikaonekana mimi ndiye nishike tipa lake. Nikalishika. Nabeba mchanga wa mtoni, kokoto za Lugoba, kifusi, na mara mojamoja tofali. Nafaka naijua kwa kuishika tu mkononi. Gari bado linanifundisha.

Shida yangu ni hii. Bodi, yaani lile sanduku la nyuma la kubebea mzigo, nimelipima mwenyewe kwa futikamba, ndani kwa ndani: urefu mita 3.8, upana mita 2.1, kina sentimita 80. Zidisha, unapata mita za ujazo 6.4 kasoro kidogo. Gari likiwa tupu lina tani 7.7. Ni la ekseli mbili (mstari mmoja wa matairi mbele, mmoja nyuma), kwa hiyo barabarani lisizidi tani 18 pamoja na mzigo. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne: nina tani 10.3 za kubeba.

Sasa nina karatasi tatu za mizani hapa mezani, zote tripu za mchanga, zote bodi limejaa hadi ukingoni, limesawazishwa kwa ubao:

Ya kwanza, wakati wa kiangazi: jumla tani 17.4. Mzigo ni 9.7.
Ya pili, wiki tatu baadaye: jumla tani 16.1. Mzigo ni 8.4.
Ya tatu, juzi, masika yameshaanza: jumla tani 19.9. Mzigo ni 12.2! Nimelipa faini, na gari limelala hapo mpaka tulipopunguza mzigo.

Nieleweni jamani. Ile ya pili nilimwambia dereva ameuza mchanga njiani. Tulifika mbali, hadi nikamtajia ndugu zake. Ya tatu ikanivuruga kabisa, maana hakuna dereva anayeiba mchanga kwa kuuongeza.

Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Kaniletea jedwali la densiti la kwenye daftari lake la fizikia, yaani mita moja ya ujazo ya kila kitu ina tani ngapi. Maji 1. Barafu 0.92. Kioo 2.5. Alumini 2.7. Granaiti 2.7. Chuma cha pua 7.85. Shaba 8.96. Risasi 11.3. Mchanga wameandika 2.65. Akapiga hesabu: 6.4 mara 2.65, ni karibu tani 17 za mchanga kwenye bodi. Akaniambia, "Mama, wewe kila siku unazidisha uzito, ni bahati tu." Dereva akacheka mpaka akakaa chini. Anasema toka azaliwe hajaona bodi hilo likibeba tani 17 likaondoka.

Sasa nani mwongo hapa? Daftari, dereva, au mizani?


KIJIWE NONGWA

Mama, fukuza dereva. Hayo mengine ni fizikia.


FUNDI SANIFU MSTAAFU

Mama Tipa, marahaba. Usimfukuze mtu. Kwanza nenda kamwombe radhi kwa ile karatasi ya pili, halafu urudi tuzungumze. Nimekaa maabara ya barabara miaka 31, kazi yangu ikiwa kupima mchanga, kokoto na udongo, kwa hiyo hili ndilo lililonilea watoto.

Hakuna mwongo. Kijana wako yuko sahihi, ila anazungumzia punje. Wewe unabeba lundo.

Chukua punje moja ya mchanga. Hiyo ni kwatzi, jiwe gumu lisilo na tundu. Kama punje hizo zingekuwa pande moja la kwatzi lisilo na nafasi, mita moja ya ujazo ingekuwa na tani 2.65. Hiyo ndiyo namba ya daftarini, na ni ya kweli. Lakini ukimwaga punje kwenye bodi hazikai kama pande. Zinaegemeana, na katikati panabaki vichumba vya hewa. Kwenye mchanga mkavu uliomwagwa tu, hewa hiyo ni kama asilimia 40 ya nafasi yote. Umekuwa unasafirisha hewa, Mama, karibu nusu ya bodi. Ndiyo maana mchanga mkavu wa mtoni unacheza kwenye tani 1.5 hadi 1.6 kwa mita ya ujazo. Chukua karatasi yako ya kwanza: 9.7 gawanya kwa 6.4, unapata 1.52. Mchanga mkavu kabisa. Dereva wako hakukosea siku ile.

Wewe muuza nafaka hili unalijua, ila hukuliitia jina. Debe la mahindi na debe la pumba ni debe moja. Kwa nini pumba nyepesi? Ganda la hindi lenyewe si jepesi kama unavyodhani. Ni kwamba pumba zimekaa kwa kujinyoosha, hewa tele. Ukizishindilia kwa mguu, debe lile lile linameza nyingine.

Sasa njoo kwenye karatasi ya pili, ambayo ndiyo iliyotaka kuvunja undugu. 8.4 gawanya kwa 6.4 ni 1.31. Nina hakika siku hiyo mchanga ulikuwa na unyevunyevu, si wa kuchuruzika, ni ule ukiufinya unashikana mkononi. Ni kweli?

Mchanga wa namna hiyo huvimba. Wanafunzi wangu wote walikuwa wanabisha mpaka waone kwa macho. Maji kidogo, tuseme asilimia 5 ya uzito wake, yanakaa kama utando mwembamba kuzunguka kila punje, na utando huo unazishika punje zisitelezeane zikakaa vizuri. Zinabaki zimening'iniana kama watu wenye kanga zilizolowa kwenye daladala. Lundo linatanuka kwa asilimia 20, 30, na ukiwa mchanga laini hata zaidi. Kwa hiyo bodi lililojaa mchanga wenye unyevunyevu lina mchanga mchache kuliko bodi lililojaa mchanga mkavu, hata ukihesabu na uzito wa maji yenyewe. Hakuna aliyeuza kitu njiani.

(Hapa niwasemeshe mafundi ujenzi kidogo. Mnapopima zege kwa ndoo, moja ya saruji kwa mbili za mchanga kwa nne za kokoto, na mchanga una unyevunyevu umevimba robo, ndoo zenu mbili za mchanga ni kama ndoo moja na nusu na ushee. Halafu mnashangaa zege lina matundu ubavuni. Pimeni.)

Ukizidi kuongeza maji, uchawi unakatika. Maji yakijaa kila kichumba, utando hauna tena pa kujishika, punje zinashuka, lundo linarudi kwenye ujazo wake wa kavu. Ila sasa vile vichumba vya hewa vimekaliwa na maji, na maji yana uzito. Mchanga uliolowa chepechepe unafika 1.9 hadi 2 kwa mita ya ujazo. Karatasi yako ya tatu: 12.2 gawanya kwa 6.4 ni 1.91.

Lakini kuna kitu kimoja hakijakaa sawa. Kama mlipakia mchanga uliovimba halafu ukanyeshewa, ulipaswa kushuka ndani ya bodi, wala usingebaki ukingoni. Kwa bodi lako ungeshuka kama sentimita 16, na uzito wote usingezidi tani 10 na kidogo. Wewe unasema ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Muulize dereva swali moja tu, taratibu, bila kumtajia ndugu zake: asubuhi ile aliongeza mchanga?


MAMA TIPA (Kibaha)

Fundi, wewe ulikuwepo?

Walipakia jioni. Gari likalala machimboni kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa imekufa. Usiku mvua ikapiga, na turubai hatukuwa nalo. Alfajiri dereva na tandiboi wakakuta mchanga umeshuka, kama shubiri moja hivi kutoka ukingoni. Dereva akasema mteja hatakubali, ataona tripu imepungua. Wakachukua machepe wakajaza tena mpaka juu. Anasema alikuwa ananilindia jina. Nimekosa cha kumwambia.

Na ile ya pili ni kweli, mchanga ulikuwa wa kufinyangika. Nimemwomba radhi. Kanijibu "yameisha mama", lakini kwa sauti ile ya yameanza.


DEREVA WA WAMI

Mimi nipo barabarani mwaka wa kumi na tisa, niongezee mawili.

La kwanza: hata bila mvua mchanga hushuka. Pakia umejaa machimboni, pitia barabara ya vumbi yenye mawimbi, ukifika kwa mteja umepungua vidole vinne vitano. Gari limekuwa likiutikisa njia nzima, punje zinajipanga. Mteja anachungulia, anasema mmeshusha mwingine mahali. Nimeshatukanwa kwa hilo mara zisizohesabika. Sasa nikifika namwonyesha alama ya tope ukutani mwa bodi pale mchanga ulipokuwa umefika. Wengine wanaelewa, wengine wanataka niape.

La pili, Mama, usilewe na hiyo tani 18. Mizani haiangalii jumla peke yake, inaangalia na kila ekseli. Ya mbele tani 8, ya nyuma yenye matairi manne tani 10. Tipa mzigo mwingi unalalia nyuma. Unaweza kuwa na jumla 17.6 ukajiona mshindi, kumbe nyuma pana 11. Hapo umekamatwa. Mwambie dereva mzigo usirundikwe kuelekea mlango wa nyuma, usukumwe mbele kwenye kabini.

Na lumbesa, iwe ya viazi au ya mchanga, ni lumbesa. Ile kichuguu ya juu wanayoipenda wateja ni mita nzima ya ujazo bila wewe kujua.


SEREMALA WA KILWA

Mada tamu hii. Na sisi wa mbao tuna hadithi hiyo hiyo.

Watu wanadhani mpingo ni mti wa jinsi nyingine kabisa kwa sababu unazama majini, na msonobari unaelea. Mpingo mkavu unafika 1.2, kwa hiyo lazima uzame. Mninga na mvule viko kwenye 0.6 na kitu. Msonobari mkavu wa kule Sao Hill unacheza kwenye 0.45 au 0.5. Lakini mwalimu mmoja wa misitu aliniambia jambo lililonikalisha: ile nyama yenyewe ya mti, ukuta wa yale matundu madogo madogo, kwa miti yote ni karibu sawa, kama 1.5. Kwamba msonobari na mpingo vimejengwa kwa tofali moja, tofauti ni vyumba. Msonobari ni nyumba ya kumbi kubwa, mpingo ni nyumba ya kuta nene na vichochoro.

Ndiyo maana gogo linaloelea likikaa majini miaka linazama. Hewa imetoka, maji yameingia.

Kwa mwenye gari: mbao mbichi iliyotoka kwenye msumeno leo na mbao ile ile baada ya miezi mitatu ya kivuli si mzigo mmoja. Msonobari mbichi unaweza kuwa karibu mara mbili ya mkavu. Dalali akikwambia "mbao mia tano tu, nyepesi hizo", chukua moja, igonge kwa kidole, inuse, halafu umwombe akusaidie kuipandisha. Uso wake utakwambia.


MWANA WA KONGOWEA

Dada, salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo ni kinyume: kokoto, ambazo sisi twaziita balasti, na mchanga pia, twauziwa kwa tani. Lori la tani saba, lori la tani kumi na nane. Basi wewe ukiuza kwa ujazo mnunuzi anunua hewa, sisi tukinunua kwa tani twanunua maji. Nimeona kwa macho yangu mchanga ukipigwa mpira wa maji "usipeperuke njiani". Haya.

Na kama ni vyumba vya hewa, njooni mtazame mawe yetu ya matumbawe. Madini yake ni yale yale ya marumaru, 2.7 kitabuni. Lakini tofali la matumbawe limejaa matundu, waweza kuliinua kwa mkono mmoja ukimwita mtu kwa mwingine. Fort Jesus imejengwa kwa mawe hayo tangu 1593, na ilipigwa mizinga ikasimama. Babu yangu, aliyekuwa mwashi, akisema jiwe lenye matundu huimeza risasi, jiwe zito huipasukia. Hilo la babu sikulipima.


DUKA LA VIFAA

Jamani kwenye nondo hewa hakuna, hapo ndipo mwizi anapokamatwa kirahisi. Chuma ni 7.85, hakivimbi, hakilowi.

Kanuni ya fundi: chukua unene wa nondo kwa milimita, zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa 162. Unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya 12: 144 gawanya kwa 162 ni 0.89. Ikiwa na mita 12, uzito wake ni kilo 10.7 hivi. Nondo ya 16 inatoka 1.58 kwa mita, karibu kilo 19 kwa nondo nzima. Ukiuziwa "ya 12" ukaiweka kwenye mizani ikaja kilo 9, hiyo si ya 12, hata kama lebo imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Unene unadanganya macho kwa sababu ya zile mbavu zake. Uzito haudanganyi.

Na Mama Tipa, ukipakia nondo usiangalie bodi limejaa kiasi gani. Tani 10 za chuma, kama kingelala bapa bila nafasi, zingefunika sakafu ya bodi lako kwa kina cha sentimita 16 tu. Watu wanaona bodi tupu wanasema ongeza.


MAMA TIPA (Kibaha)

Nimerudi. Leo sikwenda kazini, nimecheza na matope kama mtoto, na majirani wamenipa jina jingine.

Nimechukua ndoo ya lita 20, ile ya rangi, na mizani ya jukwaa ya duka la nafaka nilikokuwa nauzia zamani. Fundi alinitumia ujumbe pembeni: kabla ya yote, pima ndoo yenyewe kwa maji, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na ndoo za dukani ni waongo. Nikajaza maji hadi mdomoni, nikatoa uzito wa ndoo. Kilo 21. Kwa hiyo "lita 20" yangu ni lita 21. Miaka yote hiyo nilikuwa nawapimia watu mahindi kwa ndoo hizi, Mungu anisamehe, ingawa hasara ilikuwa yangu.

Mchanga mkavu, niliouanika juani siku mbili juu ya bati: kilo 32.6. Gawanya kwa 21, ni 1.55.

Halafu nikaumwaga kwenye turubai, nikaunyunyizia maji kidogo kwa kopo, nikauchanganya kwa chepe mpaka ukawa wa kufinyangika. Nikaurudisha kwenye ndoo. Haukuenea! Mchanga ule ule, ndoo ile ile, umebaki lundo pembeni kama la robo ndoo. Nikasawazisha, nikapima: kilo 27.4. Nikadhani mizani imekwama. Nikaiweka tena. 27.4. Hiyo ni 1.3, ndiyo namba ya ile karatasi iliyonigombanisha na dereva. Nilimwita akaja kuona. Alisimama pale mikono kiunoni, hakusema kitu, akaenda kuosha gari.

Kisha nikajaza ndoo mchanga mkavu mwingine hadi mdomoni, nikaanza kumimina maji pole pole kwa chupa, nikihesabu. Umekunywa lita nane na nusu kabla maji hayajang'aa juu. Kilo 41.1. Hiyo ni 1.96. Kumbe ndoo uliyoiona imejaa mchanga ilikuwa na nafasi ya lita nane na nusu!

Mwisho kokoto za robo tatu ya inchi, za Lugoba. Ndoo imejaa, zimesawazishwa: kilo 30.6. Yaani 1.46, nyepesi kuliko mchanga mkavu, ingawa ukibeba jiwe moja moja unaona ni zito. Nikamimina maji. Zimeingia lita 9.6. Nikampa kijana kalamu: lita 21 toa 9.6 inabaki lita 11.4 za jiwe tupu. Kilo 30.6 gawanya kwa 11.4. Akapata 2.68. Akakimbilia daftari lake. Granaiti 2.7. Alipiga kelele mpaka mdogo wake akaamka.

Kwa hiyo daftari lilikuwa sahihi na dereva alikuwa sahihi, ndani ya ndoo moja. Mwanangu sasa anapima kila kitu, jana kaniharibia kilo ya chumvi.

Swali langu la pili, Fundi: masika haya nifanyeje? Siwezi kuanika mto.


FUNDI SANIFU MSTAAFU

Umenikumbusha kazi. Unajua barabara mpya tunajuaje kama imeshindiliwa vya kutosha? Tunachimba kishimo kidogo, udongo uliotoka tunaupima uzito wote bila kupoteza hata punje, kisha kishimo tunakijaza kwa mchanga maalumu mkavu ambao densiti yake tunaijua tangu maabara. Uzito wa mchanga ulioingia unatupa ujazo wa kishimo. Umefanya kitu hicho hicho kwa ndoo ya rangi, na umetumia maji badala ya mchanga.

Kuhusu masika, usiwaze mto, waza mstari. Hesabu kwa hali mbaya kuliko zote, mchanga uliolowa, 1.96. Una tani 10.3. Gawanya, unapata mita za ujazo 5.25. Sakafu ya bodi lako ni mita za mraba karibu 8. Kwa hiyo mchanga chepechepe usizidi kina cha sentimita 65. Kwa sababu ya ile ekseli ya nyuma aliyoisema Dereva wa Wami, mimi ningeshuka hadi 60. Piga mstari wa rangi ndani ya bodi pande zote. Msimu wa mvua, mchanga usivuke mstari, hata mteja alie. Na nunua turubai, ni rahisi kuliko faini moja.

Kokoto hazina shida hiyo, maji yanachuruzika chini. Kwa 1.46 bodi zima ni tani 9.3.

Kifusi kinanipa wasiwasi zaidi. Kina udongo mfinyanzi, unakunywa maji na hautaki kuyatoa, na kinashindilika kikipakiwa kwa mashine. Namba ya kifusi cha kwenu siwezi kukupa nikiwa nimekaa hapa.


DEREVA WA WAMI

Mstari wa rangi mteja atauliza. Nakwambia atauliza.


MAMA TIPA (Kibaha)

Ameshauliza. Leo ndiyo tripu ya kwanza na mstari, nimeupaka mwekundu, sentimita 60. Mzee mmoja anajenga banda la kuku. Akachungulia, akaingiza mkono, akasema, "Mama, hapa umenipunja, bodi halijajaa." Nikashuka na ndoo yangu, nikajaza mchanga wake mbichi, nikamwaga maji mbele yake. Mchanga ukashuka ndani ya ndoo kama umekaliwa. Akatazama ndoo, akanitazama mimi, akaniuliza kama ninauza na mahindi.

Bei tumepunguziana kidogo, maana na yeye ana haki yake, nampa mita 4.8 badala ya 6.4. Mizani: jumla tani 16.9, nyuma 9.8. Dereva amepiga picha karatasi akaiweka kwenye simu yake. Na leo amenisalimia kwanza.

Fundi, kesho tunapakia kifusi. Ndoo iko kwenye kabini.